Mwaka Tuliofunga Dawa ya Kalenga

Mimi kilio sikiwezi, na wanaonijua wameshaacha kunilaumu. Mtu akifa tu, watu wanaanza kummwagia sifa ambazo hakuzisikia hata siku moja alipokuwa hai, kila mmoja anatia chumvi kumpita aliyetangulia, na mimi nakosa pa kuweka macho. Lakini mwezi uliopita, walipokuja Kampemba kuniambia kwamba Mama Odia amekufa, nilivaa kikwembe changu cha msiba nikaenda Kamalondo bila kusubiri mtu wa kunisindikiza. Mama Odia alikuwa mwenye nyumba wangu nilipokuwa mke mpya, na alikuwa mpishi wa siro ya kifua, ile dawa tamu na nzito ya kunywa kwa kijiko, aliyejulikana Kamalondo nzima. Kuna watu wazima leo, wenye vitambi na magari, waliokuzwa na vijiko vyake. Chini ya turubai walikuwa wanasimama kwa zamu. Baba mmoja alisema aliingia kwake na pumu akatoka bila pumu. Mama mmoja alisema kama si yeye, watoto wake wote wangekuwa makaburini. Kisha Clémentine, binti ya marehemu, ambaye enzi zile alikuwa msichana wa shule na leo ana wajukuu, akaniona nimejibanza karibu na mlango wa lupango, ule ua wa nyumba zao. "Mama Feza, na weye ulikalaka hapa. Simama, useme kitu ju ya mama." Nikamwambia koo linaniuma. Uongo mtupu, koo langu lilikuwa zima kabisa. Nilikula bukari yao, ugali wa kwetu, na makayabo yao, samaki wa chumvi, nikakiangalia kile chumba cha nyuma tulichopanga, ambacho sasa kimewekwa mlango wa chuma na anakaa muuza vocha za simu, na nikanyamaza.

Ningesema ningewaharibia kilio chao. Kwa hiyo nasema hapa, mahali ambapo hakuna anayelia.

Lupango lile lilikuwa na nyumba kubwa mbele, ya Mama Odia na binti yake, na nyuma safu ya vyumba vya kupangisha. Chetu kilikuwa cha mwisho. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, ndoo za maji na pazia la kikwembe lililogawa pa kulala na pa kukaa, na mimi nilijiona nimefika. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, ila ukuta uliotutenga na jirani haukufika kwenye mabati. Aliyeujenga aliishiwa matofali au aliishiwa moyo, sijui, akaacha uwazi juu, na kwenye uwazi ule vilipita moshi, harufu ya samaki, mwanga wa taa na maneno yote. Upande wa pili alikaa fundi wa cherehani, kapera, ambaye sote tulimwita Ya Marcel, yaani kaka Marcel. Ukifungua mfuko wa sukari, Ya Marcel alijua. Mimi na mume wangu tukianza kugombana, alikanyaga cherehani yake kwa nguvu, hata kama hakukuwa na nguo chini ya sindano, ili tusione haya. Nikipika kalembula, majani ya viazi vitamu, na karanga nilimpa sahani yake juu ya ukuta, mkono wake ukatokea, ukachukua, na sahani ikarudi imeoshwa. Nimekaa baadaye kwenye nyumba zenye kuta kamili na sijawahi kuwa na jirani kama yule.

Siro ilipikwa uani, chini ya paa la mabati yaliyoungua kwa moshi, juu ya mbabula, jiko kubwa lililokula makala, yaani mkaa, kuliko vyumba vyetu vyote. Mama Odia alitia majani ya mkaratusi, gome la mwembe alilolikwaruza mwenyewe kwa kisu, tangawizi, vitunguu, ndimu, na mzizi mmoja aliousaga ndani mlango umefungwa, ambao jina lake hakumwambia hata Clémentine. Mwisho alitia buki, asali ya porini, iliyokuja ndani ya vidumu na nyuki wafu wakielea juu. Buki ikikosekana aliunguza sukari mpaka ikawa nyeusi, na siku hiyo alikuwa na aibu, anawaambia watu wake, "Hii ya leo iko ya sukari, itatembea polepole." Alidondosha tone kwenye sahani ya bati. Tone likikimbia, bado. Likikaa, aliepua sufuria, akachuja kwa kipande cha shuka, akajaza chupa za bia tulizomsaidia kuzisugua kwa mchanga na maji ya moto. Harufu iliingia kwenye nguo zetu, kwenye nywele, mpaka kwenye bukari. Hadi leo wajukuu wangu wakitaka kunipaka mafuta ya mkaratusi nikiwa na mafua, nawafukuza, na hawaelewi huyu bibi ana kichaa gani.

Lakini si upishi uliomfanya awe Mama Odia. Wapishi wa siro walikuwa wengi. Yeye alikuwa na njia yake: hakumuuliza mgonjwa kitu. "Mugonjwa anadanganyaka," alisema. "Anataka kupona mbiyo, ao anataka bamuhurumie. Ule mwenye anamusikia, njo anajua." Ukija na kikohozi, ulirudishwa nyumbani ukalete sikio lako. Ndivyo alivyomwita, sikio: mtu anayekaa nawe ukuta kwa ukuta na anayekusikia ukikohoa bila wewe kumwona. Wake wa wagonjwa hawakukubaliwa. Alisema mke anasikia na roho yake, si na masikio. Basi kwenye benchi la uani walikuwa wanakaa wawili wawili, mgonjwa amenyamaza kama mshtakiwa, na jirani anaeleza: kinaanza juu kooni au kinatoka chini, ni kikavu au cha maji, kinamkamata akila au akicheka. Mama Odia anafumba macho, anasikiliza, anatingisha kichwa. Mabibi wa mtaa walikuja kukaa tu, kupata habari za watu.

Na dawa ilikuwa na mwisho wake. Sikio likiapa kwamba mwezi umetoka mpaka umekufa bila kusikia kikohozi, dawa ilifungwa. Kuku alipikwa ndani ya sufuria ile ile ya siro, lupango lote likala, na mgonjwa akamwaga chini siro iliyobaki kwenye chupa, akaiinamisha chupa kichwa chini mbele ya watu. Toka siku hiyo haruhusiwi tena kuonja siro ile maisha yake yote. "Dawa ukishafunga, haikujue tena," alisema Mama Odia. Nilikuwa nimeona dawa za watu zikifungwa, nilikuwa nimekula kuku wao, na niliona ni desturi nzuri. Nani asingependa ugonjwa wenye mlango wa kutokea?

Mume wangu aliitwa Kalenga. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kicheko kilichovuka barabara, na kichwa kigumu hakuna mfano. Mwaka ule kila kijana mwenye mikono miwili alikuwa anakwenda kuchimba madini. Yeye na wenzake walikuwa na shimo lao upande wa njia ya Kinsevere, shimo la mikono, la sururu na kamba, na kazi yake ilikuwa kuvunja jiwe huko chini. Aliporudi nyumbani alikuwa mweupe mpaka kwenye kope, nami nilimwagia maji uani na maji yakaenda kama uji. Ilipofika wakati wa baridi, vumbi limekauka na upepo unauma, akaanza kukohoa. "Iko vumbi tu," aliniambia. "Itatoka na maji." Haikutoka. Alikohoa akila, akaacha kula. Alikohoa akicheka, akaanza kucheka kidogo. Siku moja nikiwa nakaanga mandazi yangu ya kuuza, Mama Odia akaja akasimama karibu yangu na mikono nyuma. Alikuwa ananiita mamu, kama Waluba wa Kasai wanavyomwita hata binti mdogo kwa heshima. "Mamu, ule bwana yako iko anakohola majiwe," akasema. "Umulete. Na Marcel akuje."

Ya Marcel alikuja na futi yake shingoni, akakaa kwenye benchi, na alivyoeleza sijasahau. "Inatoka chini kabisa, mama. Inaanza kama muntu anavuta kiti ku simenti, kiisha inapasuka. Akimaliza, anakala kimya, kama anaogopa itarudia." Kalenga aliangalia viatu vyake. Mama Odia akafumba macho kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu akasema atampikia, ila kwa sharti moja: akiwa anakunywa, shimo aliache. "Dawa yangu haishuke mu shimo." Kalenga alinuna kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, lakini alikubali, kwa sababu alikuwa amechoka na alikuwa anaogopa. Nilijua anaogopa. Alikuwa ananishika mkono mchana, mbele za watu, kitu ambacho wanaume wa huku kwetu hawafanyi.

Akakaa nyumbani. Sijui kama mtu ambaye hajakaa na mwanaume mkubwa ndani ya chumba kidogo, asiye na kazi, anaweza kuelewa. Alirekebisha mlango ambao haukuwa umeharibika. Alipanga sufuria zangu upya na kuzificha. Asubuhi na jioni alikunywa kijiko chake, anakunja uso, na wachimbaji wenzake walipopita kumsalimu walikaa nje wakasema maneno ya kuchokoza ambayo niliyasikia yote. "Uko mwanaume ao uko mugonjwa?" "Anakunywa siro ya batoto." Alicheka nao, na walipoondoka alikaa kitandani akiitazama sururu yake. Lakini kikohozi kilipungua. Mvua za kwanza zilikuja, vumbi likalala, na kikohozi nacho kikalala. Nasema ukweli: nilifurahi mpaka nikaanza kunenepa. Lupango lote lilikuwa linasikiliza pamoja nami. Wanawake waliosha vyombo masikio yamesimama, Clémentine aliacha kupiga kelele akitoka shule, na asubuhi kwenye bomba Ya Marcel alitoa ripoti yake bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo. "Leo tena, sikusikia kitu." Na sisi tukasema asante Mungu, tukajaza ndoo zetu.

Sasa kuna jambo lililokuwa linanisumbua, na sikulificha. Kalenga alikuwa hawezi tena kupuliza moto. Nilimwomba aniwashie mbabula, akainama, akapuliza mara moja, akainuka na kushika ukuta. Akifunga viatu alipumzika kati ya kimoja na kingine. Kanisani alifungua mdomo pamoja na waimbaji, lakini nilikuwa ubavuni mwake na sauti haikutoka. Nilimwendea Mama Odia nikamweleza hayo yote, moja baada ya jingine. Alinisikiliza vizuri. "Ile iko bulegevu ya mwili, mamu. Alikala sana bila kazi. Umupatie mayai." Nikamwambia si ulegevu, anakosa pumzi. Akageuza kichwa upande wa vyumba. "Marcel! Uko unasikia kitu?" Na kutoka ndani, juu ya mlio wa cherehani, "Sisikie kitu, mama." Mama Odia akanitazama kwa upole, kama mtu aliyeshinda kesi bila kutaka kumwaibisha mwenzake. "Sasa kikohozi iko wapi?"  Kikohozi hakikuwepo, hilo lilikuwa kweli. Yeye alikuwa anatibu kinachosikika, na mimi nilikuwa namletea kisichosikika. Nikarudi nikanunua mayai.

Kalenga mwenyewe ndiye aliyeomba dawa ifungwe. Alitaka kurudi shimoni kabla mvua kubwa hazijalijaza maji, na alihesabu mwezi kwa kuuangalia kila jioni, zaidi ya mwanamke anayengoja mtoto. Mwezi ulipokufa, Ya Marcel aliapa uani, mkono juu, kwamba hakusikia kitu. Tukachinja kuku. Alipikwa kwenye sufuria ile na mchuzi ukanuka mkaratusi, na hakuna aliyelalamika. Kalenga alivaa shati jeupe aliloshonewa na Ya Marcel kwa siku ile. Alipopewa firigisi, ambayo ni haki ya mwanaume mwenye sherehe, aliiinua ili wote waione, akampa Ya Marcel. "Weye njo ulinisikia," akamwambia. Ya Marcel aliona haya mpaka akashindwa kuitafuna. Kisha Kalenga akasimama, akamwaga siro iliyobaki, akaiinamisha chupa. Mama Odia alisema maneno ya Kiluba ambayo sikuyaelewa, halafu akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie, "Kalenga, usirudie tena kwangu ju ya kifua." Naye akajibu, "Ata kidogo, mama." Watu wakapiga makofi. Niliangalia jinsi alivyokaa chini baada ya kusema maneno machache yale, jinsi kifua chake kilivyokuwa kinapanda na kushuka chini ya shati jipya, na nikajiambia leo ni siku ya furaha, Feza, acha.

Alikwenda shimoni Jumatatu. Wenzake walimrudisha mchana wa Jumapili moja, wiki si nyingi baadaye, wamemkalisha kwenye pikipiki katikati ya wawili ili asianguke. Hakuwa anakohoa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, na alikuwa anasema maneno mawili, anapumzika, mawili mengine. Wanawake wa lupango walinisaidia kumlaza, na aliposhindwa kulala chali tukamwegemeza kwenye magunia. Mmoja wao alisema, na alisema kwa wema, "Iko kuchoka tu. Si munaona hakohole?" Nilitaka kumpiga kofi. Ya Marcel alisimama mlangoni, futi mkononi.

Hospitali walimpiga picha ya kifua. Daktari alikuwa kijana, pengine hakunizidi umri sana, na aliipandisha picha kwenye kioo cha dirisha ili nione. "Hapa pote, mama, ilibidi kukuwe nyeusi," akasema. "Ile nyeupe iko vumbi ya jiwe. Iliingia, ikakamata, ikageuka kidonda, kidonda ikakauka." Nikamuuliza dawa. "Ya kutosha ile, kuitoa mu kifua, hapana. Haiko hapa, haiko Ulaya." Nikamwambia labda amekosea, kwa sababu kikohozi kilikwisha, tulifunga dawa, jirani aliapa. Alinitazama bila dharau. "Hana tena nguvu ya kukohola, mama. Kifua yake imegumuka. Ile yenye munasikia kimya, njo hiyo." Nikamuuliza kama shimo lingeachwa mapema, kama asingerudi. Akasema pengine angekaa zaidi kidogo, pengine hapana, vumbi lilikuwa limeshaingia. Kisha, kwa sababu daktari naye hawezi kumwacha mtu aondoke mikono mitupu, akaandika dawa, na kule kwenye dirisha la dawa wakatupatia chupa. Ilikuwa siro. Nyekundu, yenye harufu ya pipi. Kalenga aliigeuza mkononi, akaanza kucheka, na kicheko kikamkosesha pumzi mpaka nikadhani atanifia pale kwenye ngazi. "Na ye," alisema alipoweza, "na ye anapika siro."

Nilimwendea Mama Odia siku ile ile. Nilipiga magoti kwenye majivu ya mbabula yake nikamwomba amfungulie Kalenga dawa. Najua hii haina akili. Nilikuwa nimetoka kuelezwa na daktari, nilikuwa nimeona picha kwa macho yangu, na bado nilikuwa chini pale nikilia kwa ajili ya majani ya mkaratusi. Alikataa. Alisema alifunga mbele ya watu wote, na dawa iliyofungwa haifunguki. Nilimwambia maneno ambayo mke mpya hamwambii mwenye nyumba wake, wala mtu yeyote hamwambii mwanamke wa umri ule. Nilimwambia wewe ulikuwa unasikiliza ukuta, hukumsikiliza mtu.  Clémentine alikuwa mlangoni na daftari zake za shule, akalia. Mimi nikarudi chumbani nikamkuta Kalenga amesikia yote kupitia mlango uliokuwa wazi, na akanipa ishara ya mkono kwamba niache.

Siku chache baadaye nikaamka na kuona moshi. Mama Odia alikuwa uani peke yake, anapika, na kidumu cha buki kilikuwa wazi, buki safi ya mwanzo wa msimu ambayo alikuwa anaificha. Alipomaliza kuchuja hakumwita mtu. Alikuja chumbani kwetu mwenyewe, mara ya kwanza tangu tupange, akavua viatu mlangoni, akapiga magoti karibu na kitanda, na akamnywesha Kalenga kijiko kwa mkono wake. Kalenga alimeza. "Mama," akamuuliza, kwa vipande vyake vidogo, "dawa ya kufungwa, inafungukaka?" Mama Odia akapangusa kijiko kwenye kikwembe chake. "Haifungukake, tatu," akasema. Tatu ni baba, ndivyo Waluba wanavyomwita mtoto wa kiume wanayempenda. "Sasa ju ya nini unanipatia?" Mama Odia akaweka kijiko chini. "Ju sina kingine," akasema. Kisha akamwinamisha, akaweka sikio lake mgongoni pake, akafumba macho kama alivyokuwa anafanya kwenye benchi lake, na akasikiliza upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kalenga akamwambia kitu kimoja zaidi. "Unipikie ya kukoholesha, mama. Nikohole mara moya tu. Hii kitu itoke." Mama Odia alikuwa na siro ya mtoto na ya mzee, ya kikohozi kikavu na ya kikohozi cha maji, lakini hakuwa na hiyo. Alitoka bila kuvaa viatu vyake, na viatu vilikaa mlangoni petu mpaka jioni.

Aliendelea kuja, asubuhi na jioni, na kijiko chake. Mimi sikumsalimia. Nilikuwa nampisha tu.

Mwezi uliopita, nilipokuwa naaga kilioni, Clémentine alinifuata mpaka barabarani. Alitaka kuniambia kitu ambacho aliona kitanifariji. Aliniambia kwamba toka mwaka ule mama yake hakumfungia mtu dawa tena. Watu walikuja na kuku zao, wamepona, wana masikio yao ya kuapa, naye akawarudisha. "Muendelee kunywa," ndilo neno lake. Wengine walichukia, wakasema ni tamaa ya kuuza. Alipika mpaka mikono ilipokataa, na hakufunga hata chupa moja. "Mama hakumusahauka bwana yako, Mama Feza," Clémentine aliniambia, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nilimshukuru. Nilitembea mpaka kituo nikiyageuza maneno yale kichwani, nikitafuta faraja iko upande gani, na sikuiona. Vijana bado wanakwenda kwenye mashimo. Mjukuu wa jirani yangu Kampemba amerudi juzi, mweupe mpaka kwenye kope, na mama yake anatafuta siro.

Kalenga alikufa asubuhi, jua limeshapanda, baada ya mvua. Nilikuwa nimekaa kitandani nyuma yake, mgongo wake kwenye kifua changu, kwa sababu hakuweza tena kukaa namna nyingine. Nje wanawake walikuwa wanachambua lenga-lenga, mchicha wa kwetu, kwenye bomba na kusimuliana habari za soko. Alivuta pumzi, ikatoka. Nikangoja nyingine. Nilingoja kwa subira kabisa, kama mtu anayengoja mtu wa kuchelewa, mkono wangu umetulia juu ya moyo wake, na nikaelewa polepole kwamba nangoja peke yangu. Nje mmoja wao akasema, "Mupunguze sauti, Kalenga alilala." Mwingine akasema, "Na leo tangu asubui hakukohola." Wakamuuliza Ya Marcel, kama walivyozoea, nikasikia cherehani inasimama. "Sikusikia kitu," akasema. Wakasema asante Mungu. Mikono yangu ilikuwa imemzunguka, uzito wake wote juu yangu, na sikufungua mdomo. Niliwaacha wafurahi mpaka lenga-lenga ilipoiva.